Kukanda Mwili Unaouma

Fungueni madaftari. Somo la leo ni la historia, nalo lahusu jambo mnalolijua nyumbani: kukanda na kuchua mwili unaouma.

Tuanze na mzigo. Tarehe 27 Februari mwaka 1875, msafara wa Henry Stanley ulifika Kageye, kando ya ziwa, mashariki ya Mwanza. Ulitoka Bagamoyo Novemba mwaka 1874. Wapagazi walichukua mashua nzima, jina lake Lady Alice, imekatwa vipande, wakatembea nayo zaidi ya siku 100. Habari za Stanley zimeandikwa sana; habari za mabega yaliyobeba ile mashua ni chache. Wanyamwezi na Wasukuma walifanya kazi ya upagazi miaka mingi, kila mtu na mzigo wa ratili 60 au 70, yaani kama kilo 30. Reli ilifika Mwanza mwaka 1928, lakini migongo haikupumzika: palikuwa na magunia bandarini, na marobota ya pamba, na ndoo za dagaa.

Mtu aliyechoka hivyo hufanya nini? Hulala kifudifudi, na mwenzake humchua kwa mafuta, au humkanda kwa kitambaa cha maji ya moto. Mama aliyejifungua naye hukandwa. (Maji yawe ya moto wa kuvumilika. Ngozi ikiungua, mmeongeza maumivu.)

Ulaya nako walikanda tangu zamani za Wayunani. Huko Stockholm, Per Henrik Ling alifungua chuo cha mazoezi ya mwili mwaka 1813. Na mwaka 1894 wauguzi wanne wa London walianzisha chama cha wakandaji waliofundishwa. Chama hicho ndicho kilichokua kikawa chama cha wataalamu wa fiziotherapia wa Uingereza.

Je, kukanda kunafaa kweli? Msijibu kwa mazoea tu. Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walieleza kwamba katika uti wa mgongo mna kitu kama mlango. Habari ya maumivu hupita hapo kwenda kwenye ubongo. Habari ya kuguswa nayo hufika hapo, na ikiwa nyingi, mlango hufungwa kidogo. Wataalamu wamerekebisha maelezo hayo tangu wakati ule, lakini hata mtoto akijigonga goti hulisugua kabla hajafundishwa na mtu.

Mwaka 2015 wataalamu walikusanya majaribio 25 juu ya kukanda watu wenye maumivu ya mgongo, jumla watu 3,096. Waliona maumivu hupungua kwa muda mfupi. Kwa muda mrefu faida haikuonekana wazi, nao wakasema ushahidi wenyewe ni dhaifu. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliweka kukanda, pamoja na mazoezi, miongoni mwa matibabu yanayoweza kutumika kwa maumivu ya mgongo ya siku nyingi.

Basi mpagazi aliyechuliwa jioni hakudanganywa. Alipata nafuu ya kweli, ya usiku ule. Asubuhi mzigo ulikuwa ukimngoja palepale.

Sasa sikilizeni sana. Usikande mfupa uliovunjika, wala uvimbe usioujua. Mguu mmoja ukivimba ghafula na kuwa na joto, usiuchue: huenda damu imeganda ndani, na kipande chake chaweza kwenda mapafuni na kuua. Na mgongo ukiuma pamoja na ganzi miguuni, au mkojo ukakataa kutoka, usimwite mkandaji. Nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kwa watu wa Mwanza, Bugando iko pale kilimani tangu mwaka 1971.