Kurekebisha jeni nyingi kwa mara moja: inawahusu nini wagonjwa wa SS?

Jeni ni maagizo yaliyo ndani ya seli za mwili, ambayo kila muntu anapokea kwa baba na mama. Kosa dogo katika jeni moja tu linaweza kutesa mutoto maisha yote. Ndivyo ilivyo kwa SS (drepanositoze), ugonjwa ambao familia nyingi za Bunia zinaujua: chembe nyekundu za damu zinajipinda kama mundu na kuziba mishipa.

Mukasi wa jeni

Tangu mwaka 2012 wanasayansi wanatumia CRISPR. Kiongozi kinatafuta mahali penye kosa, mukasi unakata hapo. Ukiweka viongozi vingi, jeni nyingi zinaguswa kwa mara moja. Hatari ni kwamba vipande vilivyokatwa vinaweza kuungana vibaya.

Juu ya hiyo, mwaka 2022 huko London, hospitali ya Great Ormond Street ilitumia njia isiyokata, inayobadilisha herufi moja moja za jeni. Seli za kinga za muntu mwingine zilirekebishwa jeni tatu ili zisishambulie mwili wa mugonjwa, zisiuane zenyewe, wala zisiuawe na dawa. Kisha zikapewa binti wa miaka 13 mwenye kansa ya damu.

Na SS?

Hapo inaguswa jeni moja, ili mwili uanze tena kutengeneza damu ya aina ya mutoto aliye tumboni. Uingereza ilikubali matibabu hayo, Casgevy, Novemba 2023, Marekani Desemba 2023. Bei ya Marekani: dola milioni 2.2 kwa mugonjwa mumoja. Kwanza mugonjwa anapewa dawa kali za kansa, katika hospitali kubwa. Kwa hiyo, anayeuza kidonge ao maji ya "kubadilisha damu" anadanganya.

Kinachowezekana hapa

SS si ulozi. Wazazi wawili wakiwa AS, kila mimba ina nafasi moja kwa nne ya kuzaa mutoto SS. Wachumba wapime damu (elektroforeze) mbele ya ndoa. Mutoto SS anahitaji chandarua, chanjo, maji mengi ya kunywa, na kufuatwa na munganga, ambaye anaweza kumwandikia hidroksiyure. Homa ikipanda, asingojewe nyumbani: apelekwe hospitali siku ileile.