Mwandishi wa Habari na Cheti Chake

Ndugu wasikilizaji, na hasa ninyi askari wa jeshi na wa polisi mlioko zamu usiku huu, kutoka mpaka wa Mpondwe hadi miteremko ya Rwenzori.

Liko swali ambalo huzuka mara kwa mara katika kambi na vituo, mahali ambapo redio husikilizwa kwa makini kuliko kwingineko. Swali lenyewe ni hili: Je, ni lazima mtu apitie chuoni ndipo astahili kuitwa mwandishi wa habari? Askari ana haki ya kuuliza hivyo. Yeye mwenyewe hakukabidhiwa bunduki ila baada ya miezi ya gwaride, shabaha na nidhamu. Kwa nini basi mtu mwingine akabidhiwe kipaza sauti, ambacho nacho chaweza kuua, pasipo mafunzo yoyote? Leo na tulitazame jambo hilo kwa mwanga wa historia.

Katika Afrika Mashariki, magazeti yalitangulia vyuo vya uandishi kwa miaka mingi. Mwaka 1937 Erica Fiah, mzaliwa wa Buganda aliyekuwa na duka Dar es Salaam, alianzisha gazeti la Kwetu, gazeti la kwanza la Kiswahili katika Tanganyika lililomilikiwa na kuhaririwa na Mwafrika. Huko Kenya, Henry Muoria alikuwa gadi wa treni katika Reli ya Kenya na Uganda, reli ile ile ambayo mwaka 1956 ilifika hapa Kasese kuchukua shaba ya Kilembe. Mwaka 1945 Muoria alianzisha gazeti la Mumenyereri kwa lugha ya Kikikuyu, nalo lilisomwa na watu wengi hata serikali ya kikoloni ilipolipiga marufuku mwaka 1952.

Hapa kwetu pia tunao mfano. Katika miaka ya 1950 mwalimu wa shule ya msingi, Isaya Mukirania, aliongoza kikundi cha Bakonzo kilichokusanya historia ya kabila lao. Waliwaendea wazee milimani, wakauliza, wakasikiliza, wakaandika. Mambo yaliyofuata, tangu tangazo la Rwenzururu la tarehe 30 Juni 1962, yanajulikana kwenu nyote. Tunalotaka kulionyesha hapa ni kwamba kazi ile ya kwenda, kuuliza na kuandika ndiyo kazi ya mwandishi wa habari, nayo ilifanywa na watu ambao hakuna chuo chochote kilichowapa cheti cha kuifanya.

Wako wanaokomea hapo na kusema: Mnaona! Mafunzo hayana haja. Hoja hiyo ina nusu tu ya ukweli. Muoria hakungoja kipaji kimshukie kama mvua. Alisoma somo la uandishi kwa njia ya posta, huku akiendelea na kazi yake ya relini. Alijua kwamba kuna jambo asilolijua, akalitafuta.

Tena tumtazame mtu mwingine wa mbali, ambaye ninyi askari mtamwelewa upesi. Joseph Pulitzer alizaliwa Hungaria mwaka 1847. Alifika Marekani mwaka 1864 akiwa kuruta wa kikosi cha wapanda farasi, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita vilipokwisha alihangaika kwa kazi za vibarua, kisha akaajiriwa na gazeti la Kijerumani katika mji wa St. Louis, na mwishowe akawa mmoja wa wenye magazeti wakubwa wa nchi ile. Hakuna aliyekuwa na sababu kubwa kuliko yeye ya kudharau vyuo vya uandishi. Walakini mwaka 1904 aliandika makala ndefu kutetea kuanzishwa kwa chuo cha namna hiyo, akaacha fedha kwa ajili yake, na chuo kikafunguliwa katika Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1912, baada ya yeye kufariki. Mtu aliyejifunza njiani ndiye aliyetaka wengine wasijifunzie njiani.

Sasa turudi Uganda. Chuo Kikuu cha Makerere kilianza kufundisha uandishi wa habari mwaka 1988. Miaka 7 tu baadaye, sheria ya magazeti na waandishi wa habari ya mwaka 1995 iliweka sharti kwamba anayetaka uanachama kamili wa Taasisi ya Taifa ya Waandishi wa Habari awe na shahada ya fani hiyo, au shahada nyingine pamoja na mafunzo ya uandishi. Nia ya sharti hilo inaeleweka. Lakini watu waliokuwa wamelea kazi hii kwa miongo mingi, wengine wakiwa na elimu ya sekondari tu, walijikuta siku moja wamesimama nje ya mlango wa nyumba waliyoijenga.

Nchi nyingine zimekutana na tatizo hilo. Costa Rica ilikuwa na sheria iliyomtaka kila mwandishi awe mwanachama wa chama maalumu, chama ambacho hakikumpokea mtu asiye na elimu ya chuo kikuu. Tarehe 13 Novemba 1985 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Mabara ya Amerika ilitoa maoni kwamba sharti hilo lapingana na uhuru wa kutoa mawazo. Mwaka 2009 Mahakama Kuu kabisa ya Brazil nayo iliondoa sharti la diploma kwa waandishi. Sababu yao ilikuwa nyepesi kuieleza: kusema na kuandika ni haki ya kila raia, na haki ya raia haifungiwi ndani ya cheti.

Na kama yuko anayedhani kwamba shahada peke yake hutosha kuzuia maovu, na aitazame Rwanda. Tarehe 3 Desemba 2003 Mahakama ya Kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani watu 3 kwa uchochezi uliofanywa na redio ya RTLM na gazeti la Kangura kuhusiana na mauaji ya mwaka 1994. Mmoja, Ferdinand Nahimana, alikuwa mwanahistoria mwenye shahada ya udaktari. Mwingine, Jean-Bosco Barayagwiza, alikuwa mwanasheria. Wa tatu, Hassan Ngeze, alikuwa mtu wa elimu ndogo aliyewahi kukusanya nauli katika basi. Msomi na asiye msomi walikaa kizimba kimoja.

Ndugu wasikilizaji, mimi ninayewasomea maneno haya nilikomea shule ya sekondari. Kwa hiyo nina deni la kusema kweli juu yangu mwenyewe. Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulifurika, ukabomoa nyumba na kuingia hospitali ya Kilembe. Wakati huo nilikuwa kijana mgeni kazini katika kituo kimoja kidogo cha redio. Jioni moja ya mvua, siku chache baada ya gharika, mtu alipiga simu akasema kwamba mto umefurika tena huko juu. Nikatangaza. Akina mama walibeba watoto gizani wakakimbilia vilimani, na mzee mmoja akateleza akavunjika mguu. Mto haukuwa umepanda hata shubiri moja.

Asubuhi yake alinijia sajini mmoja wa polisi. Hakunikamata wala hakunitukana. Alifungua daftari lake, akaniuliza kama anavyomwuliza shahidi: "Mwanangu, uliona mwenyewe au uliambiwa? Aliyekuambia, naye aliona? Alikuwa amesimama wapi? Ilikuwa saa ngapi?" Nikamjibu, "Niliambiwa, afande." Maswali mengine matatu yalinishinda. Jioni hiyo nilirudi kwenye kipaza sauti nikasema: jana nilikosea.

Baadaye nilipelekwa katika mafunzo ya wiki sita. Siku ya kwanza mwalimu aliandika ubaoni maswali yale yale ya sajini. Nikajiambia moyoni kwamba laiti ningaliyapata mapema, mzee yule angalitembea kwa miguu yake miwili. Hiyo ndiyo tofauti ya chuo na njia. Anayejifunza kazini hujifunza kwa gharama ya watu wengine. Kazi ya chuo ni kuipunguza gharama hiyo.

Gharama yenyewe si ndogo katika sehemu zetu hizi. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji wa kundi la ADF walivamia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Baadhi ya watoto waliteketea bwenini hata ikabidi vipimo vya vinasaba vitumike kuwatambua. Idadi ya waliokufa ilibadilika kadiri saa zilivyopita, na wazazi walisimama wakisubiri majina. Katika saa kama hiyo, anayetangaza jina lisilothibitishwa humzika mtoto aliye hai, au humpa mama tumaini la uongo. Mzazi hamwulizi mtangazaji ana shahada gani. Anamwuliza: una hakika?

Kwa hiyo jibu letu ni hili. Mafunzo ni lazima, wala asijidanganye mtu kwamba kipaji kinatosha. Lakini mafunzo hayana mlango mmoja. Yako ya chuo kikuu, yako ya posta, yako ya wiki sita, na yako ya mhariri mkali anayekurudishia karatasi mara tatu. Serikali na wenye vituo wapanue milango hiyo, hasa kwa vijana wa wilayani, badala ya kumwachia kila mmoja ajifunze kwa mguu wa mzee wa watu.

Nanyi askari mna sehemu yenu. Mwandishi akifika kwenye kizuizi au mahali pa tukio, msimpime kwa urefu wa cheti chake tu. Msikilizeni anauliza nini, na mpeni ukweli mapema kadiri usalama unavyoruhusu, maana palipokosekana ukweli uvumi hujaza nafasi. Naye akitangaza jambo msilolielewa, mwulizeni kama sajini yule alivyoniuliza: uliona mwenyewe, au uliambiwa? Mwandishi wa kweli, awe na shahada au asiwe nayo, atakuwa na jibu.