Mbwa Mkali? Historia ya mchungaji tuliyemfunga mnyororo

Nimekuwa kimya wiki mbili hizi, chumba cha habari kilinibana kweli kweli. Leo naomba tuweke siasa pembeni, tuongee kuhusu mbwa. Ndiyo, mbwa! Usicheke kwanza.

Ukipita mitaa yenye mageti makubwa, Mikocheni hapa Dar au Karen kule Nairobi, hukosi kukuta kibao cha "Mbwa Mkali". Mara nyingi anayebweka nyuma yake ni yule mwenye masikio yaliyosimama, mgongo mweusi na miguu ya rangi ya kahawia. Vijana wanamwita German Shepherd, wengine "mbwa wa polisi", wazee wetu wanamwita Alsatian. Nyumbani kwetu tulikuwa naye, jina lake Simba. Habari zake nitazimalizia mwishoni, maana bila historia hazieleweki.

Tuanzie Ujerumani. Enzi hizo mashamba mengi hayakuwa na uzio. Mchungaji aliwalisha kondoo kandokando ya mazao ya watu, na mbwa alienda na kurudi kwenye mpaka kutwa nzima ili kondoo wasivuke. Yeye ndiye aliyekuwa uzio! Hakutakiwa kumjeruhi kondoo, wala kusubiri aambiwe kila kitu.

Mwezi Aprili 1899, katika maonyesho ya mbwa mjini Karlsruhe, afisa wa zamani wa jeshi la farasi, Max von Stephanitz, alimwona mbwa mmoja wa namna hiyo aitwaye Hektor Linksrhein. Akamnunua, akambadili jina kuwa Horand von Grafrath. Mwezi huohuo akaanzisha chama cha kuendeleza aina hiyo, na Horand akawa wa kwanza kwenye daftari. Msimamo wa Stephanitz ulikuwa mmoja: mbwa kwanza awe na akili na kazi, uzuri baadaye. Lakini viwanda vilikuwa vinaongezeka na makundi ya kondoo yanapungua. Mchungaji akaanza kukosa ajira. Ndipo Stephanitz akamtafutia kazi polisi na jeshini.

Katika Vita Kuu ya Kwanza alibeba ujumbe na kutafuta majeruhi. Mwaka 1916, mjini Oldenburg, Dk. Gerhard Stalling alifungua shule ya kufundisha mbwa kuwaongoza askari waliopofuka vitani. Mwaka 1928 Mmarekani asiyeona, Morris Frank, alirudi kwao kutoka Uswisi akiongozwa na jike la aina hii, Buddy. Mwaka uliofuata, 1929, ikaanzishwa The Seeing Eye, shule ya mbwa waongozaji ya Marekani. Hebu fikiria: huyu tunayemwandikia kibao cha "mkali" ndiye aliyekabidhiwa uhai wa mtu kwenye barabara zenye magari!

Vita hivyo hivyo vilimharibia jina. Mwaka 1919 Waingereza hawakutaka kusikia kitu cha Kijerumani, wakamwandikisha kwa jina la jimbo la Alsace na kumwongezea neno "mbwa mwitu". Neno hilo liliondolewa baadaye, lakini hofu ilikuwa imeshasambaa. Mwaka 1929 Australia ilipiga marufuku kumwingiza nchini, ikihofia atazaa na mbwa mwitu wa kule, yaani dingo, na vizazi vyao vitakula kondoo. Mchungaji anashtakiwa kwa kula kondoo! Marufuku hiyo iliondolewa mwaka 1974, na Uingereza ikaruhusu tena jina la Kijerumani mwaka 1977.

Sasa ndugu msomaji, hulka yake yote imo humo. Anaambatana na watu wake, anamshuku mgeni, anajifunza haraka, na hawezi kukaa bure. Anahitaji mazoezi kila siku, saa moja mpaka mbili, na anahitaji kuzoeshwa wageni na watoto tangu akiwa mdogo. Mbwa wa kutembea mpaka kutwa nzima ukimfunga mita mbili za mnyororo, akili ile inageuka kuwa hasira.

Na gharama? Bei ya kumnunua ndiyo ndogo kuliko zote. Dume hufika kilo 30 hadi 40, na huyo hashibi makombo ya ugali. Kuna chanjo za utotoni, kisha chanjo ya kichaa cha mbwa ambayo haina mjadala. Kuna dawa ya minyoo na ya kupe. Manyoya yananyonyoka mwaka mzima, kwa hiyo brashi ni lazima. Nyonga zake zina udhaifu wa kurithi, hivyo muulize muuzaji kama wazazi walipigwa picha ya nyonga. Zidisha yote hayo kwa miaka kumi hivi.

Turudi kwa Simba. Baba alimleta baada ya wezi kutuvunjia nyumba. Mchana tulimfunga, usiku tukamfungulia. Alipofika miaka miwili alimng'ata mtoto wa jirani aliyeingia kufuata mpira. Simba hakuwa na chanjo. Baba alilipia sindano zote za yule mtoto, na fedha ile ingemchanja Simba maisha yake yote. Mtoto alipona, tunamshukuru Mungu. Sisi tukanunua mnyororo mzito zaidi.

Alipofika miaka minne alianza kutokwa damu puani. Daktari wa mifugo alisema ni homa inayoletwa na kupe, na kwamba mbwa wa aina hii huumia nayo kuliko wengine. Baadaye nilisoma kwamba ugonjwa huohuo uliua mamia ya mbwa wa jeshi la Marekani wakati wa vita vya Vietnam. Wao hawakuwa wanaujua vizuri. Sisi tuliwaona kupe kwa macho yetu masikioni mwake, tukapita. Alikufa ndani ya wiki moja.

Kibao bado kipo getini kwetu. Juzi nilikisoma upya, nikajiuliza mkali alikuwa nani hasa.

Kama unataka kumfuga, mfuge. Lakini kabla hujauliza bei, jiulize nani atatembea naye kesho asubuhi. Kama jibu ni "hakuna", nunua kufuli.

Alamsiki.