Haraka, Ngojangoja na Karatasi ya Leba

Mwaka jana nilimpa dada yangu mswada wa riwaya yangu ausome. Katika sura ya nne kuna msichana anajifungua. Nilimlaza chali, nikamweka mkunga anayepiga kelele "Sukuma! Sukuma!", na baada ya aya mbili mtoto akalia. Dada akacheka mpaka akaweka karatasi chini.

"Mdogo wangu, hapa umeandika dakika za mwisho tu. Zile saa nyingine zote umezipeleka wapi?"

Niliona aibu. Mimi niliyeishia kidato cha nne, uzazi niliusoma ukurasa mmoja wa bailojia, basi. Nikaenda maktaba, nikawauliza wakunga wawili watatu wa mtaani kwetu. Nikagundua kwamba saa hizo zilizonipotea zina historia ndefu, na historia yote inazunguka swali moja: uchungu ukikawia, msaidizi afanye nini? Aharakishe au asubiri?

Wahenga wametuachia majibu mawili yanayogombana. Haraka haraka haina baraka. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Leba methali zote mbili ni za kweli, na kila moja ina makaburi yake.

Tuanze na haraka. Mwaka 1808 daktari mmoja wa jimbo la New York, John Stearns, aliwasifia wenzake unga wa ukungu mweusi unaoota kwenye masuke ya nafaka. Wakunga wa Ulaya walikuwa wakiujua zamani. Mama akiunywa, uchungu unakuja kwa nguvu. Ubaya wake ni kwamba hauna breki. Mfuko wa uzazi ukikaza bila kuachia, mtoto anakosa hewa, na mfuko wenyewe unaweza kupasuka. Kufikia mwaka 1824 daktari mwingine wa huko huko New York, David Hosack, alikuwa akionya kwamba unga ule usitumike kuharakisha mtoto, bali kuzuia damu akishatoka. Tusiwacheke. Kwetu hapa mizizi ya kuongeza uchungu inachemshwa mpaka leo, na anayeipokea bilauri hajui ndani yake kuna nguvu kiasi gani.

Sayansi ikaleta dawa inayopimika. Mwaka 1906 Henry Dale aliona kwamba maji ya tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hukaza mfuko wa uzazi. Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud aliweza kuitengeneza oksitosini yenyewe maabara, na mwaka 1955 akapewa Tuzo ya Nobel. Hiyo ndiyo dripu ya uchungu tunayoisikia. Inahesabiwa tone kwa tone, na ikizidi inafungwa. Mwaka 1969 Kieran O'Driscoll wa Dublin, Ireland, alitangaza utaratibu wake: mama wa mimba ya kwanza asikae na uchungu zaidi ya saa 24, na baadaye akashusha hadi 12. Chupa inapasuliwa, dripu inawekwa, na kila mama anakuwa na nesi wake asiyebanduka. Wengi walioiga walichukua dripu. Nesi asiyebanduka wakamwacha Dublin.

Sasa ngojangoja. Hapa sihitaji maktaba, maana ninaye bibi yangu mzaa mama. Mimba yake ya kwanza alikaa na uchungu siku tatu, kijijini, hospitali ikiwa mbali na barabara ikiwa imekatika kwa mvua. Waliomzunguka hawakuwa wabaya. Walimpa uji, walimsugua, waliomba Mungu, wakangoja. Mtoto alitoka amekufa. Bibi hakupenda kuisimulia habari hiyo. Alikuwa akisema tu, "Yule wa kwanza hakupata njia." Alikuwa na bahati kuliko wengine, kwani uchungu wa siku nyingi huweza kumuua mama, au kumwachia fistula, mkojo ukamtoka maisha yake yote, mume akahama.

Je, nani angewaambia wale akina mama kwamba sasa kungoja kumetosha?

Jibu lilianza mwaka 1954, Emanuel Friedman wa New York alipoanza kuchora mwendo wa uchungu kwenye karatasi ya grafu: huku saa, huku sentimita ambazo njia imefunguka, mpaka 10. Lakini mchoro ule ulionyesha tu mwendo ulivyo. Aliyeugeuza kuwa kengele alikuwa Afrika.

Mwaka 1972, mjini Salisbury, Rhodesia, mji ambao tangu 1982 unaitwa Harare, daktari R. H. Philpott na mwenzake W. M. Castle walichapisha kazi waliyoifanya kwa akina mama wa Kiafrika wenye mimba ya kwanza. Ilikuwa nchi ya ubaguzi, na zahanati za pembeni ziliendeshwa na wakunga, daktari yuko mbali. Basi wakachora mstari wa tahadhari, unaopanda sentimita moja kila saa. Alama za mama zikikaa kushoto kwake, mwache, mtie moyo. Zikivuka kulia, msafirishe. Mstari wa pili, wa kuchukua hatua, ukawekwa mbele kwa muda wa saa nne, ili safari ipate nafasi. Hapo ndipo dripu au kisu vinafikiriwa. Mkunga mwenye kalamu akawa na neno la kumwambia dereva.

Mwaka 1987 mkutano wa uzazi salama ulifanyika Nairobi, na Shirika la Afya Duniani likaichukua karatasi hiyo, patografu. Ilijaribiwa Indonesia, Malaysia na Thailand kwa wanawake 35,484, na matokeo yakatoka mwaka 1994. Uchungu wa kukawia ulishuka kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4. Na dripu ya kuongeza uchungu? Nayo ilishuka, kutoka asilimia 20.7 hadi 9.1. Angalia hapo, msomaji. Karatasi moja ilipunguza ngojangoja na ikapunguza haraka. Aliyejua saa ya kuingia kati aliweza kutulia kabla ya saa hiyo.

Hata karatasi nayo si msahafu. Mwaka 2018 utafiti wa wanawake 5,606 wa Nigeria na Uganda ulionyesha kwamba wengi hufunguka polepole kuliko sentimita moja kwa saa na bado hujifungua salama. Mwaka 2020 Shirika likatoa karatasi mpya. Mistari miwili iliondolewa, kila sentimita ikapewa kikomo chake, na zikaongezwa nafasi za kuandika kama mama amekunywa, amekaaje, na nani yuko naye. Hilo la mwisho lilishaonekana Guatemala mwaka 1980: waliokaa na mwanamke wa kuwashika mkono na kuwasugua mgongo walijifungua mapema zaidi.

Dada yangu alijifungua kwa ile karatasi ya zamani. Saa mbili usiku alama zake zilivuka mstari wa kwanza. Nesi wa zahanati hakubishana na mtu, aliita gari. Hospitali ya wilaya wakampasua chupa, wakamwekea dripu, na saa saba usiku mtoto akalia. Yuko darasa la pili sasa, msumbufu kweli kweli.

Sura ya nne nimeiandika upya. Ina kurasa kumi na moja, nesi ana kalamu, na msichana anatembea ukumbini akishika ukuta. Dada ameisoma. Safari hii hakucheka.

"Vizuri," akasema. "Lakini mbona hujasema nani alikuwa ananisugua mgongo?"

Nimerudi mezani.