Kasoro: Neno la kupunguza, si la kuficha

NENO ‘kasoro’ ni miongoni mwa maneno yanayotumika sana mijini, kuanzia kituo cha daladala hadi mahakamani. Hata hivyo, uzito wake hubadilika kulingana na mahali linapowekwa, na mabadiliko hayo yana athari kwa wanaotajwa nalo.

Asili ya neno hili ni Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kuwa fupi au kupungukiwa. Mzizi huohuo ndio uliozaa ‘sala ya kasri’, ambayo msafiri huifupisha kutoka rakaa nne hadi mbili. Maana ya msingi, basi, si ubaya. Ni kutofikia kipimo kilichowekwa.

Maana hiyo huonekana wazi katika kutaja saa. Anayesema ‘saa tatu kasorobo’ anamaanisha kwamba imebaki robo saa kutimia saa tatu. Hapo ‘kasoro’ na ‘robo’ yameungana kuwa neno moja. Vivyo hivyo husemwa ‘saa tatu kasoro dakika kumi’ na ‘elfu moja kasoro mia’, yaani mia tisa. Katika matumizi haya neno hutangulia kile kinachotolewa. Aidha, huweza kumtenga mtu na wenzake: ‘Wote wamefika kasoro Juma.’

Likiwa nomino, ‘kasoro’ huwa na maana ya upungufu au hali ya kutokamilika. Huingia katika ngeli ya I-ZI, na umbo lake halibadiliki katika wingi: kasoro hii, kasoro hizi. Kwa hiyo, ‘makasoro’ si umbo sanifu.

Yapo maneno yanayokaribiana nalo, ingawa hayalingani. ‘Dosari’ ni doa katika kitu ambacho vinginevyo ni kizuri. ‘Hitilafu’ hutumika zaidi kwa mitambo, kama hitilafu ya umeme. ‘Ila’ huelekea zaidi kwenye tabia na sifa, na wahenga walisema kizuri hakikosi ila. ‘Walakini’ ni kiunganishi kilichogeuka nomino. Mtu akisemwa kuwa ‘ana walakini’, kuna shaka juu yake ambayo msemaji hakutaka kuitaja.

Utata hujitokeza pale ‘kasoro’ inapotumiwa kulainisha jambo zito. Stakabadhi iliyokosa tarehe ina kasoro. Fedha za umma zilizochukuliwa zikaingia mfukoni mwa mtu hazina kasoro, zimeibwa. Anayeita wizi ‘kasoro ndogo ndogo’ humfanya msikilizaji aamini kwamba marekebisho kidogo yanatosha.

Mahakama huzingatia tofauti hiyo. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya, kwa uamuzi wa majaji wanne dhidi ya wawili, ilifuta matokeo ya uchaguzi wa rais uliofanyika Agosti 8 mwaka huo. Majaji hao wanne walitaja kasoro na ukiukaji wa sheria kama mambo mawili yaliyokwenda pamoja, hasa katika upelekaji wa matokeo. Laiti yote yangeitwa kasoro tu, nusu ya hoja ingepotea.

Uangalifu zaidi unahitajika neno hili linapomhusu binadamu. Daktari anayesema mtoto amezaliwa na kasoro ya mgongo wazi ametaja hali ya mwili ambayo inaweza kutibiwa. Jirani anayesema ‘yule mtoto wa kasoro’ amemgeuza mtoto mzima kuwa upungufu. Ndiyo sababu ‘kilema’, neno lililozoeleka zamani, limepisha ‘mlemavu’, na baadaye ‘mtu mwenye ulemavu’. Tanzania ilitumia msemo huo wa mwisho katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Katika msemo huo mtu hutangulia, hali yake ikafuata.

Kwa ujumla, kasoro hupimwa kwa kulinganishwa na ukamilifu. Saa tatu kasorobo itakuwa saa tatu baada ya dakika 15, na hati yenye kasoro huweza kurudishwa ikasahihishwa. Kwa hiyo, kabla ya kulitumia neno hili, inafaa kujiuliza: ni kitu gani kimepungua, na kwa kiasi gani? Swali hilo likikosa jibu, huenda neno linalohitajika ni jingine.