Vumbi Lililosahauliwa: Historia Fupi ya Makumbi, Kutoka Mtepe Hadi Uyoga

Anayesoma historia ya makumbi ya nazi husoma historia ya kamba. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, baadaye alieleza jinsi watu wa visiwa vya Maldivi walivyoloweka makumbi katika mashimo ya ufukweni na kuyaponda, kisha wanawake wakasokota kamba za kushonea vyombo. Unguja nako wanawake wamefanya kazi kama hiyo: makumbi hufukiwa pale bahari inapokupwa na kujaa, hukaa humo miezi kadhaa, hufukuliwa yakinuka, hupondwa kwa gongo mpaka usumba utoke. Mitepe ya visiwa vya Lamu ilishonwa kwa kamba za namna hiyo, bila msumari hata mmoja.

Usumba uliandikiwa vitabu. Vumbi lililodondoka chini ya gongo halikuandikiwa kitu, ingawa kila kilo moja ya nyuzi huacha takriban kilo mbili za vumbi. Huko Kerala na Sri Lanka, viwanda vya nyuzi vilirundika vilima vyake, na mvua iliponyesha maji ya kahawia yalichafua visima na mito. Mambo yalibadilika mwishoni mwa karne ya 20, pale wakulima wa Ulaya waliposhinikizwa kuacha kuchimba udongo wa mabwawa. Vumbi likaanza kukaushwa, kushindiliwa kuwa matofali na kuuzwa nje. Watafiti wa India, kwa upande wao, walitumia uyoga wa jamii ya Pleurotus kuliozesha.

Leo tofali hilo limefika jikoni kwa mkulima wa uyoga. La gramu 650 huwekwa ndooni, humwagiwa lita 3 hivi za maji yanayochemka, hufunikwa na kuachwa mpaka lipoe kabisa, kwa maana joto huua mbegu za uyoga. Kipimo ni mkono. Ukikamua konzi moja kwa nguvu, yatoke matone machache tu. Yakichuruzika, hewa itakosekana na mfuko utaoza. Yasipotoka kabisa, ongeza maji kidogo kidogo. Vumbi hili lina chakula kidogo, ndiyo maana ukungu haulivamii upesi, lakini kwa sababu hiyo hiyo wengi hulichanganya na mabua ya mpunga.

Hapa ndipo historia inaporudi. Makumbi yaliyofukiwa baharini yana chumvi. Kamba haidhuriki nayo, uyoga hudhurika. Mimi niliyezoea makapi ya mbegu za pamba, yanayotumika sana hapa Uganda, sikulijua hilo. Niliagiza gunia la vumbi kutoka pwani, nikalilowesha mara moja kwa maji ya moto na kupanda mifuko sita. Hakuna uliotoa uyoga. Mama mmoja msokota kamba aliposimuliwa kwa simu alicheka, akaniuliza kama nililionja.

Sikuwa nimelionja. Gunia lililobaki nililiosha kwa maji baridi mara nne, nikionja kila mara, hadi chumvi ikaisha na maji yakatoka meupe. Ndipo nikachemsha mengine.