Roketi Zilizopaa kutoka Ngomeni

Ukitoka Malindi kuelekea kaskazini, ukayapita mashamba ya chumvi na mikoko ya Ngomeni, utaona baharini kitu ambacho mgeni hudhani ni mtambo wa kuchimbia mafuta. Hajakosea sana. Jukwaa moja kati ya yale, Santa Rita, lilianza kweli katika kazi ya mafuta kabla Waitaliano hawajalileta hadi Ghuba ya Ungwana na kulisimamisha kwa miguu ya chuma. Jirani yake, San Marco, ndiko roketi zilikorushiwa. Kati ya 1967 na 1988, setilaiti 9 ziliondoka hapo kwenda kuzunguka Dunia, wakati ambapo nchi zilizokuwa na uwanja wa kufanyia kazi kama hiyo zilikuwa za kuhesabika.

Mwenye wazo alikuwa Luigi Broglio, profesa wa Chuo Kikuu cha Roma na ofisa wa jeshi la anga la Italia. Hesabu yake haikuwa ngumu. Kwenye ikweta, ardhi tunayoikanyaga inakwenda mashariki kwa kasi ya kilomita 1,670 hivi kwa saa. Roketi ikielekezwa upande huohuo, kasi hiyo inaipata bure, na roketi ndogo inaweza kubeba mzigo mzito zaidi. Italia iko mbali na ikweta. Ngomeni iko karibu nyuzi 3 tu kusini yake, na mbele yake ni Bahari ya Hindi, ambako vipande vya roketi vinaweza kuanguka bila kumwangukia mtu. Mwaka 1962 Italia na NASA zilikubaliana: Wamarekani watatoa roketi aina ya Scout na mafunzo, Waitaliano watatengeneza setilaiti na kuandaa mahali pa kurushia. San Marco 1 ilirushwa Desemba 1964 kutoka Wallops, Virginia, ili vijana wa Broglio wajifunze kazi. San Marco 2 ilipaa Ngomeni Aprili 26, 1967.

Scout haikuwa dude la kutisha. Ilikuwa na urefu wa mita 20 na ushei, ngazi nne zinazowaka moja baada ya nyingine, zote za fueli ngumu. Iliunganishwa ikiwa imelazwa ndani ya banda refu juu ya jukwaa la San Marco, kisha ikasimamishwa. Saa ya kurusha ikikaribia, watu walihamia Santa Rita, na amri zilipita kwenye nyaya zilizolazwa chini ya bahari kati ya majukwaa hayo mawili.

Siku kubwa kuliko zote ilikuwa Desemba 12, 1970. Kenya ilikuwa inatimiza miaka 7 ya uhuru, na Scout iliondoka na setilaiti ya kilo 140 hivi. Katika makaratasi ilikuwa na jina kavu, SAS-A. Marjorie Townsend, mhandisi wa NASA aliyeusimamia mradi huo, na mwanamke wa kwanza Marekani kupewa mradi wa setilaiti, aliipa jina Uhuru kwa heshima ya siku ile na ya wenyeji.

Kazi ya Uhuru ilikuwa kutafuta mionzi ya eksirei itokayo kwenye nyota. Hewa ya Dunia huizuia mionzi hiyo isitufikie, kwa hiyo hadi wakati ule wanasayansi walikuwa wakirusha roketi ndogo zilizochungulia juu ya hewa kwa dakika chache, kisha zikaanguka. Uhuru ilibaki huko juu zaidi ya miaka miwili ikifanya kazi, ikijizungusha polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12 hivi, na kulifagia anga lote ukanda kwa ukanda. Njia yake ya juu ya ikweta iliisaidia pia kuukwepa ukanda wa mionzi mikali ulio juu ya Atlantiki ya Kusini, ambao ungevichanganya vipimo vyake. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339. Kimojawapo, Cygnus X-1, kilikuwa kikimetameta kwa namna isiyoeleweka, na uchunguzi uliofuata ukakifanya kuwa kitu cha kwanza angani kukubaliwa na wengi kuwa ni shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeiongoza sayansi ya Uhuru, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002. Sikumbuki kuisoma habari hii katika kitabu chochote cha shule, ingawa mito ya Ulaya tulikaririshwa yote.

Baada ya Uhuru zilifuata nyingine, ikiwemo Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974. Kisha kazi ikapungua, na Machi 25, 1988 roketi ya mwisho ikaondoka.

Kwa nini pakanyamaza? Sababu ya kwanza ni kwamba Ngomeni haikuwahi kuwa na roketi yake. Scout ilikuwa ya Wamarekani, ndogo, na ilistaafishwa mwaka 1994. Wakati huohuo biashara ilikuwa imeshahamia kwenye setilaiti nzito za simu na televisheni, zinazokaa kilomita 36,000 hivi juu ya ikweta. Mzigo huo Scout isingeuweza. Wafaransa, waliokuwa na Kourou huko Guyana, nyuzi 5 kaskazini mwa ikweta, waliwekeza pamoja na wenzao wa Ulaya katika roketi ya Ariane. Mwaka 1980 ilianzishwa Arianespace, kampuni ya kwanza duniani ya kuuza safari za roketi, na kwa miaka mingi ilichukua sehemu kubwa ya soko. Italia ilikuwa na mahali pazuri sawa na Kourou, pengine pazuri zaidi, lakini pesa za namna hiyo haikuziweka Ngomeni. Hatimaye ilipoongoza utengenezaji wa roketi ya kuijaza nafasi ya Scout, yaani Vega, safari ya kwanza ilifanyika Februari 2012 kutoka Kourou.

Wazo la jukwaa la baharini lenyewe halikufa. Mwaka 1999 kampuni ya Sea Launch ilianza kurusha setilaiti za wateja kutoka kwenye ikweta, katikati ya Pasifiki, juu ya jukwaa lililokuwa la mafuta. Ilidumu hadi 2014.

Basi Kenya ilipotaka kurusha Taifa-1, setilaiti yake ya kupiga picha za ardhi, Aprili 15, 2023, ilikwenda California. Wapo walioona aibu: nchi iliyokuwa mwenyeji wa roketi tangu 1967 inakwenda kuomba nafasi kwa watu. Mimi sioni aibu hapo. Setilaiti ya aina ile hupita juu ya ncha za Dunia, kaskazini hadi kusini, ili mashamba na misitu yote ipite chini yake, na kwa njia hiyo ile kasi ya bure ya ikweta haina faida. Halafu kuna bei. Falcon 9 ya SpaceX ilibeba makumi ya mizigo ya watu mbalimbali safari ile, kama abiria wa matatu wanaochangia nauli, na sehemu ya kwanza ya roketi ikarudi kutua ili itumike tena. Taifa-1 iligharimu shilingi milioni 50 hivi za Kenya. Hizo hazitoshi hata kuanza kukarabati jukwaa la San Marco.

Kilichobaki hai Ngomeni kiko nchi kavu. Ni antena za kituo ambacho leo kinaitwa kwa jina la Broglio, chini ya Shirika la Anga la Italia, na kazi yake ni kusikiliza. Roketi za Kourou zikielekea mashariki huvuka Atlantiki na Afrika, na Malindi ni mojawapo ya vituo vinavyozipokea. Siku ya Krismasi ya 2021, Ariane 5 ilipoibeba darubini ya James Webb, kituo hiki kilikuwa miongoni mwa vile vilivyoifuatilia.

Hiyo nayo ni biashara, tena inayokua, maana kila setilaiti mpya inahitaji mtu chini wa kuongea naye. Mkataba mpya kati ya Kenya na Italia ulisainiwa mwaka 2016, na Kenya ikaunda shirika lake la anga za juu mwaka uliofuata. Bungeni na magazetini ugomvi umekuwa juu ya kodi ya kiwanja: Italia inalipa nini, na Ngomeni, kijiji cha wavuvi, kinapata nini? Maswali ya haki. Ila ningekuwa mezani na Waitaliano, ningeanza na viti vya chumba cha mitambo: vingapi vinakaliwa na wahandisi wa Kenya, na vya kazi gani.